Miguu Juu ya Kabati

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Najua unaiitikia huku unafuta mikono kwenye aproni iliyo chafu kuliko mikono yenyewe, lakini shikamoo. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua kila asubuhi, ikifika mchana hakumbuki lilikuwa la kulia au la kushoto. Dada amejifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti ya kunadi bidhaa sokoni, na wale wakubwa wawili wameshaomba arudishwe alikotoka.

Mguu wa bandia uliotuma mwaka mpya umefika salama. Mzuri mno, unang'aa, hata mtu wa posta aliomba aushike. Asante sana.

Sasa jambo lenyewe. Nimefaulu mitihani yote hadi sasa, umebaki mwaka huu tu wa chuo. Jumapili ya pili ya Novemba nitabarikiwa kuwa mchungaji, na katika ibada hiyohiyo nitahudumu kwenye Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Nataka uwepo. Tena usije kukaa nyuma karibu na mlango kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Nataka uje mbele, upige magoti na wenzako, nikupe mkate kwa mkono wangu mwenyewe. Sijakuona Mezani tangu nikiwa mtoto, tangu mwaka ule.

Nijibu kwa barua. Kwenye simu unasema ndiyo, ndiyo, halafu mtandao unakatika palepale unapoulizwa tarehe.

Mpwa wako,
Bosi


3 Machi

Bosi wangu,

Marahaba, tena marahaba yenye meno yote nje. Barua yako nimewasomea karakana nzima. Fundi wa mikanda amepiga makofi. Msichana wa mapokezi ameuliza kama huyo mchungaji ameshaoa, nikamwambia aandike maombi na aambatanishe picha. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa mbele kwenye lori langu na kuniamuru nipige honi, ndipo nikakuita Bosi. Leo umekuwa bosi kweli, na mimi nimevimba kichwa utadhani nimefaulu mimi.

Huku kazi hazipungui. Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja kuchukua mguu wake. Akautazama, akaurudisha mezani. Kisa? Vidole havina kucha. Nikamwambia, bibi, si utavaa kiatu, nani ataziona? Akasema, "Mimi nitaziona." Basi nimemchongea kucha na kuzipaka rangi nyekundu. Ameondoka akicheza, na binti yake akaomba na yeye apakwe.

Kuhusu Novemba, nitakutengenezea mguu. Hautakuwa kama ile mingine. Najua ibada za kubariki wachungaji, ni ndefu, utasimama mpaka uchoke, kwa hiyo huu nitautengeneza kwa mbao nyepesi na kikombe cha ndani nitakiwekea ngozi laini ili kigutu kikae kama kimelala. Nitumie vipimo: mzunguko wa kigutu chini ya goti, katikati na mwishoni. Habari ya kuja kwangu tutaona. Novemba watu wengi wanataka miguu yao kabla mwaka haujaisha.

Na habari ya Meza tuiache hapo ilipo. Msalimie dada yangu, mwambie goti linataka kitambaa cha joto, malalamiko haliyasikii.

Mjomba wako


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema kitambaa ameshafunga na malalamiko ataendelea nayo kwa sababu ni yake. Mtoto wa dada ameota shavu la pili. Mimi nipo kwenye mwaka wa mwisho, nalala na vitabu, naamka navyo. Vipimo ni vilevile vya siku zote, utavikuta kwenye karatasi zako.

Unakumbuka kwamba Mtume naye alikuwa mtu wa barua. Alianza na salamu kama sisi, akawaulizia watu hali zao, halafu akawagombeza. Leo niruhusu nimwige.

Sisi binadamu tunapenda kujijenga mbele ya Mungu. Tunafunga, tunatoa, tunajinyima, tunahesabu, kisha tunatazama juu tuone kama tumekaribia. Hatujakaribia hata kidogo. Mtu hahesabiwi haki kwa alichofanya yeye. Anahesabiwa haki kwa kumwamini yule aliyefanya kwa ajili yake. Tena mwenye dhambi anapokelewa akiwa bado ananuka, hasubiriwi aoge kwanza. Hilo ndilo nililosomea miaka yote hii. Nikipewa nafasi ya kuhubiri mara moja tu maishani, nitahubiri hilo, nishuke, nikae.

Na wewe mjomba unajitoza faini ambayo hakuna hakimu aliyekutoza. Ilikuwa ajali. Kila mtu nyumbani anaijua habari yenyewe: mtoto mtukutu alidandia ngazi ya lori bila wewe kumwona, ukarudi nyuma, nguzo ya geti ikambana mguu. Hadi leo mama akitaka kuwafundisha wajukuu wake utii, mfano ni mimi. "Mnamwona mjomba wenu? Ndivyo inavyokuwa mtu asiposikia." Nimekuwa mahubiri yanayotembea kabla hata sijabarikiwa.

Tulikusamehe zamani. Kubali tu, jamani. Uje upige magoti, uinuke, twende tukale.

Mpwa wako,
Bosi


19 Mei

Bosi,

Marahaba. Hali zetu si mbaya. Mashine ya kuchongea iligoma wiki mbili, tukarudi kwenye patasi kama babu zetu, mgongo wangu umenipa taarifa kwamba hautaki tena utani huo. Yule bibi wa kucha amemleta rafiki yake. Rafiki anataka na bangili ya mguuni.

Barua yako niliisoma nimesimama kwa sababu nilipokaa ilinipandisha presha. Mahubiri mazuri, utawajaza watu kanisani. Lakini mimi ni fundi. Kwangu mtu anayechechemea hapewi maneno, anapewa mguu. Ukimwambia umehesabiwa kuwa hauchechemei, atakutazama, ataondoka, na atachechemea mpaka mlangoni.

Unaniambia nimesamehewa ajali. Sawa. Nimesikia. Umeniambia hivyo, mama yako ameniambia hivyo, na kila nikiambiwa nakwenda kutafuta kazi ya kufanya.

Mwaka ule niliacha lori. Nilifunga safari mpaka huku ambako hakuna aliyenijua, nikafagia karakana hii mpaka walipochoka kuniona na ufagio wakanipa patasi. Sikuja kutafuta ajira, unanielewa. Kila mwaka nakutengenezea mguu, na kila mwaka najiambia huu sasa ndio. Siku utakayotembea mtu asijue mguu upi ulizaliwa nao na upi niliutengeneza mimi, siku hiyo nitakuja na nitapiga magoti popote utakaponionyesha. Kabla ya hapo usinisukume.

Wa Novemba nimeshauanza. Nina swali moja, unijibu kiume. Ule wa mwaka mpya unabana wapi? Kila nikiuliza unaniandikia "mzuri". Mguu hausifiwi uzuri labda uwe wa yule bibi. Mguu ukiwa sawa mtu anausahau.

Mjomba wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wazima, nitakupa habari zao siku nyingine. Leo umeuliza swali na nakujibu.

Haubani popote, kwa sababu siuvai. Wala wa mwaka jana siuvai, wala wowote tangu nilipomaliza sekondari. Iko juu ya kabati chumbani kwa mama, imepangwa vizuri, imefunikwa shuka. Watoto wa dada hawalali chumba kile hata uwape peremende. Tulikubaliana tusikuambie. Mama alisema itakuumiza, nami nikaona ni huruma.

Mguu ninaotembelea ulitengenezwa hospitali ya hapa, na fundi wa kike ambaye ni mdogo kwangu kwa umri. Alinikalisha kitini, akapiga magoti, akashika kigutu kwa mikono yote miwili. Akakifunga bandeji za plasta zilizoloweshwa maji ya vuguvugu, akazishikilia mpaka zikakauka, akapata umbo lake kama lilivyo, na kovu lake, na ule mfupa uliochomoza upande wa nje. Mvua ikinyesha unanibana kidogo. Lakini natembea.

Vipimo ulivyonavyo ni vya enzi nilipokuwa naanza kuota ndevu. Sijavibadilisha. Hilo ni kosa langu na sijitetei. Lakini mjomba, wewe ni fundi. Yule bibi ulimpima kwa barua? Huna mteja hata mmoja unayemtengenezea mguu bila kushika kigutu chake, isipokuwa mimi. Kwangu mimi peke yangu unasahau kazi yako. Mara zote ulizokuja kutusalimia uliniangalia usoni, hukuwahi kutazama chini, na kesho yake ukasema una safari.

Hata kama ingenitosha yote, ningeivaa vipi? Mimi nina nafasi ya mguu mmoja tu.

Sitaki mguu wa Novemba. Nakutaka wewe. Njoo mikono mitupu. Ukija na chochote, nitakiacha nje ya mlango wa kanisa, na nimeshamwambia mzee wa kanisa akulinde.

Mpwa wako,
Bosi


20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Mama alipiga karakana, msichana wa mapokezi akasema fundi yupo kwenye mashine. Akapiga tena, fundi bado yupo kwenye mashine. Mama anauliza hiyo mashine inakula watu?

Nyumbani ni salama. Mtoto wa dada ametoa meno mawili na anayatumia kwa yeyote anayemkaribia. Joho langu limeshonwa, refu kupita kiasi, dada amelipunguza upindo na bado nalikanyaga.

Nina habari moja ya chuoni. Nilitoa hubiri langu la majaribio mbele ya walimu wote, juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, jambo ninaloweza kulisema hata nikiamshwa usingizini. Nililisema vizuri sana. Wenzangu wakaitikia amina mpaka vioo vikatetemeka. Kisha mwalimu wetu mzee, yule asiyesifu mtu, akavua miwani na kusema, "Umehubiri kama mtu aliye ghorofani, anayewahurumia wenye dhambi wanaopita chini." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Baadaye nilikwenda kukaa bustanini na sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Alinigusa mahali ninapopajua. Kuna jambo nilipaswa kukuambia miaka mingi, na silo la kabati. Nitaliandika ukinijibu. Sitaki kuliandikia ukuta.

Kama ni barua yangu ya Juni imekukata, ilikuwa na makali kupita nilivyokusudia. Lakini neno lenyewe silirudishi. Njoo.

Bosi


14 Septemba

Bosi,

Marahaba. Siumwi, usimtishe mama yako. Mashine haijanila. Bibi wa kucha amerudi, rangi imebanduka, nimempaka upya, na mara hii alileta rangi yake mwenyewe kwa sababu yangu anasema ni ya mlango.

Siku nilipopata barua yako ya Juni niliuchukua mguu wa Novemba, ukiwa umebakiza kupigwa msasa tu, nikaukata vipande kwa msumeno. Fundi wa mikanda alidhani nimechanganyikiwa, akaficha nyundo zote. Ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nikakukasirikia sana. Kisha hasira ikapoa yenyewe, maana kila nilipotafuta pale ulipokosea sikupaona.

Ni kweli sijawahi kukupima. Kupima kunataka nipige magoti, kichwa changu kiwe usawa wa goti lako, nishike kile nilichokiharibu, nawe unanitazama kutoka juu. Nilijua nikifika pale mdomo utafunguka. Kwa hiyo sikufika.

Basi ufunguke hapa. Mmenisamehe ajali. Mimi sikufanya ajali.

Hukudandia. Nilikuambia panda. Asubuhi ileile mama yako alinikataza mbele yako, akasema mtoto huyu asikanyage ngazi ya lori. Alipogeuka nikakukonyeza. Nilikuwa kijana, pale kwenye kiwanda cha mbao jirani na nyumbani kulikuwa na watu wanatazama, nikataka waone lori langu lina bosi wake. Nikasema, "Panda, shika kioo, uniongoze." Ukasema mama amekataza. Nikakujibu, na jibu hilo nalisikia hadi leo nikiwasha mashine, "Mama yako ndiye dereva?" Ukapanda.

Na mama yako alipokuja mbio, kabla hajauliza kitu, nilikuwa nimeshasema. Kadandia, sikumwona. Wewe ulikuwa chini ardhini, damu inatoka, na mimi nikakusingizia. Tangu siku hiyo umekuwa mfano wa watoto wasiosikia. Ulisikia vizuri. Ulinisikia mimi.

Ndiyo maana siji Mezani. Msamaha wenu kila ulipofika ulikuwa na anwani ya mtu mwingine, mtu ambaye hakuona. Mimi niliona. Ningeupokeaje? Nikaona bora nitengeneze miguu, na nimeitengeneza miaka yote hii ili nisiseme maneno mawili, "nilikuambia panda". Anayelipa haombi, Bosi. Hiyo ndiyo raha ya kulipa, unabaki umesimama.

Sasa sina mguu. Naomba unisamehe. Sijawahi kukuomba, hata mara moja, utakumbuka. Ukikataa nitakuelewa, na siku yako ya Novemba itapendeza bila mimi.

Mjomba wako


2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za wengine zingoje.

Nilijua. Mjomba wangu, nilikuwepo.

Nimesoma barua yako nikalia, nikafika pale ulipoandika "hukudandia" nikacheka, kisha nikalia tena, mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza nimefiwa au nimeoa. Ulidhani nani alikuwa kwenye ile ngazi? Nilikusikia ukisema panda, na nilikusikia ukisema kadandia. Nilikuwa chini lakini masikio yalikuwa mazima. Nikanyamaza kwa sababu nilijua mama atakufukuza, na ukifukuzwa nani atanifundisha kuendesha lori? Ndiyo ilikuwa akili yangu. Ukimya ule wa utoto siujutii.

Najutia wa ukubwani. Nilipokua nilianza kuupenda. Kila mguu ulipofika nilijiona mtakatifu, mimi niliyenyamaza, na wewe kule unahangaika na patasi. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja, "mjomba, najua", ukapumzika. Sikuandika. Nikakuandikia mahubiri. Nikakiita ajali kitu nilichokijua kuwa dhambi, kwa sababu ajali haigharimu kitu kuisamehe na inakuacha unapendeza. Mwalimu mzee aliniona nikiwa huko ghorofani. Nimeshuka, mjomba. Ngazi zake ni chungu. Nisamehe na mimi.

Sasa nisikilize. Ulichofanya ni dhambi. Usikipunguze, usiseme ujana. Uliniweka hatarini kwa ajili ya sifa, kisha ukanisingizia nikiwa navuja damu. Hata ungetengenezea miguu mji mzima, hilo halilipiki. Na limesamehewa. Hilohilo, kwa jina lake. Kristo hakufa kwa ajili ya mtu ambaye hakuona. Alikufa kwa ajili ya dereva aliyekonyeza. Na mimi nimekusamehe dereva huyohuyo, sina mwingine.

Wala usifikiri umesamehewa kwa sababu umeungama vizuri, ukaanza tena kujipongeza kwa ufundi. Ulikuwa umesamehewa kabla hujashika msumeno. Ila mikono yako ilikuwa imejaa miguu, ungepokea na nini? Hii ndiyo imani ninayoijua mimi: kufungua mikono na kuamini kwamba ulichoambiwa ni chako.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako. Amenigombeza miaka mingi kwa kosa ambalo si langu, naye ana haki ya kuanza kumgombeza upya mtu sahihi. Usiandike, atasema miwani imepotea. Mpigie.

Mpwa wako,
Bosi


1 Novemba

Bosi wangu,

Marahaba. Nimekusamehe, tena upesiupesi, kwa sababu sina mazoezi ya kusamehe na niliogopa nikichelewa nitaharibu.

Dada yangu nilimpigia. Nilisema yote, sikuruka hata lile la kukonyeza. Alinyamaza nikadhani mtandao umekatika, na kwa mara ya kwanza haukuwa umekatika. Kisha akasema, "Mtoto wangu nimemgombeza bure mpaka kawa mchungaji." Akalia. Akanikatia simu. Kesho yake akapiga mwenyewe, sauti kavu. Akasema, "Nina hasira na wewe, na chumba chako kimefagiliwa. Usichanganye mambo hayo mawili." Kisha akanijulisha kwamba wajukuu wamebadilishiwa mfano, sasa mfano ni mimi. Nasikia na wewe alikuita jikoni akakuomba radhi, na hukujua uweke mikono wapi. Umeonja sasa.

Nakuja kwa basi, nitafika Ijumaa. Nimejaribu kufunga kizawadi kidogo tu, cha mtoto, nikakitoa. Nikakifunga tena, nikakitoa tena. Fundi wa mikanda alinitazama akasema, "Mzee, kusafiri bila mzigo kunakutesa hivi?" Kunanitesa. Lakini nalala vizuri, Bosi. Nakula vizuri. Juzi nilijikuta naimba kwenye mashine, na msichana wa mapokezi akaja kuangalia kama ni mashine imeharibika.

Jumapili nitakaa mbele, mzee wa kanisa asihangaike kunilinda. Utakapofika kwangu nitapiga magoti na kufungua viganja. Utavikuta vitupu. Weka mkate.

Jumatatu sasa, hapo ndipo nina ombi. Umeandika kwamba ule mguu wa hospitali unabana mvua ikinyesha, na sentensi hiyo haijatoka kichwani mwangu tangu Juni. Sikudai kitu wala sidaiwi kitu, nimeelewa. Ni vile tu mimi ni fundi wa miguu, na wewe ni mpwa wangu, na unabanwa. Ukiniruhusu, utakaa kitini, nami nitapiga magoti kwa mara ya pili, nishike hicho kigutu kwa mikono yangu mwenyewe, na kovu lake, na huo mfupa wa nje. Ukikataa, tutakunywa chai na nitafurahi vilevile.

Plasta ununue wewe. Mimi nimeambiwa nije mikono mitupu.

Mjomba wako